Sahani ya Kumi na Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, Attracta Durkan anamenya viazi bila kuangalia mikono yake. Anaangalia barua iliyobandikwa ukutani, juu ya sinki. Ameisoma hadi ameikariri, lakini macho hayataki kuiacha.

Barua imetoka ofisi ya kaunti inayolipia jiko hili. Inasema kwamba leo, tarehe 31 Oktoba, karani atakuja kuhesabu wazee wanaokula chakula cha mchana katika ukumbi wa kijiji cha Kilbrannagh, huku magharibi mwa kaunti ya Mayo. Wakifika kumi na wawili, jiko litaendelea mwaka mwingine. Wakipungua, leo ndiyo mwisho, na kila mzee ataletewa nyumbani trei saba za chakula kilichogandishwa, kila Jumatatu.

Attracta ana majina kumi na moja.

"Jumanne walikuwa kumi na wawili," anasema. "Kisha Nancy akaanguka kwenye ngazi za nyuma, akavunjika nyonga. Nilipopigiwa simu, cha kwanza kunijia kichwani haikuwa nyonga yake. Ilikuwa hesabu. Hebu niambie, ni mtu wa namna gani anayewaza hivyo?"

Ana miaka hamsini na nane na amepika hapa miaka kumi na tisa. Analipwa saa ishirini kwa wiki; hufanya zaidi ya thelathini. Jiko la gesi lilipigwa marufuku na wakaguzi miaka miwili iliyopita, na fundi aliyeahidiwa hajaonekana mpaka leo. Tangu hapo anapikia sufuria tatu za umeme, zile za kupika polepole kwa saa nyingi: moja yake, moja ya dada yake, na moja aliyoinunua kwenye mnada wa kanisa, ambayo mfuniko wake si wake.

Chakula cha leo hakina mjadala. Siku ya mwisho ya Oktoba watu hula kolkanoni, yaani viazi vya kuponda vilivyochanganywa na sukuma wiki, na shimo la siagi katikati. Ndani hufichwa pete, na atakayeipata ataoa au ataolewa kabla ya mwaka kuisha. Hakuna anayekula hapa aliye chini ya miaka sabini, lakini kila mwaka wanaitafuta kwa uma, na wanachunguliana sahani.

Viazi hivi vilipandwa Aprili na Máirtín Ruane. Máirtín alifariki Agosti, akiwa na miaka sabini na tisa. Mdogo wake, Festus, aliyeishi naye nyumba moja maisha yao yote, wote wawili bila wake, ndiye aliyevichimba wiki iliyopita na kuvileta kwa toroli.

"Ni vya unga hasa," anasema Festus, aliyeketi mlangoni na kofia yake kichwani. "Bora kuliko aliyevipanda. Hivi angalau havibishi."

"Nitolee buti zako kwenye sakafu yangu," Attracta anamwambia.

"Sakafu yako mpaka saa ngapi?"

Hakuna anayecheka. Festus mwenyewe anainama, anavua buti.

Attracta anakata viazi vipande vikubwa. Anatia chumvi na maji kidogo, yasiyofika hata nusu ya viazi, anafunika, anaweka moto wa juu. Ni kazi ya saa nne na zaidi. Sukuma wiki haiingii sasa. "Ukiiweka asubuhi, mchana unakuta majani ya kijivu yananuka soksi," anasema. Itaingia nusu saa ya mwisho, ikiwa imekatwa nyembamba, na vitunguu majani vitachemshwa peke yake ndani ya maziwa.

Halafu mfuniko haufunuliwi. Ukifunua, joto lote linakimbia na unapoteza karibu nusu saa. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwona Attracta akifunua. Leo, kabla ya saa sita, anafunua mara tatu. Havitazami viazi. Anasimama tu, mvuke unampiga usoni, kisha anafunika tena.

Posta ya hapa ilifungwa, ikafuata shule, ikafuata baa. Watoto wawili wa Attracta wako ng'ambo, Perth, na hawana mpango wa kurudi. Honor Gaughan, mwenye miaka tisini na mmoja, hutoka nyumbani kwake mara moja kwa siku, kuja kula hapa.

"Hiyo trei niile na nani?" anauliza Honor. "Na redio? Redio inaongea tu, haisikilizi."

Mwandishi wa makala haya, anayeishi Kilbrannagh mwaka wa kumi na moja sasa, alijitolea awe wa kumi na mbili. Honor alimtazama juu mpaka chini. "Wewe? Hata meno yako bado ni ya kwako! Ngoja zamu yako, mwanangu." Walio chini ya miaka sitini na sita hawahesabiwi.

Saa sita na nusu Attracta anapanga meza. Anaweka sahani kumi na mbili, na si ujanja. Siku hii, aliyekufa ndani ya mwaka huwekewa sahani mahali alipozoea kukaa. Kabla ya mtu yeyote kuonja, ndugu wa karibu humwita kwa jina, kwa sauti, chakula kikiwa bado cha moto. Kisha sahani hupelekwa dirishani na kukaa hapo hadi asubuhi. Kiti cha Máirtín ni kile cha karibu na dirisha.

Karani, Gráinne Tully, anafika saa saba kamili, koti limelowa chepechepe. Ni mwanamke mpole, wa kuomba radhi kabla hajakosea. Viazi bado ni vigumu katikati, kwa sababu ya ule mfuniko. Gráinne anazunguka meza akihesabu sahani kwa ncha ya kalamu, na kwenye sahani ya mwisho anasita.

"Na huyu wa hapa?"

"Yuko njiani," anasema Honor Gaughan, bila kupepesa jicho.

Gráinne anaandika kumi na mbili. "Nimefurahi sana," anasema. "Wiki hii nimeshafunga majiko mawili." Anatia daftari kwenye mkoba na kuelekea mlangoni. Mezani watu kumi na mmoja wameacha kupumua.

Ndipo Attracta anaposema, "Kaa basi upate angalau kijiko."

Anakataa. Attracta anamwambia tena. Anakataa tena, kama mtu yeyote wa huku aliyelelewa vizuri. Mara ya tatu anakubali, anavua koti. Honor anafumba macho.

"Yalinitoka yenyewe," Attracta anaeleza baadaye. "Mgeni yuko mlangoni, mvua inanyesha, chakula kinakaribia kuiva. Ningesema nini kingine? Miaka kumi na tisa sijamwacha mtu aondoke na njaa."

Viazi vinaiva. Anamwaga maji, anaweka kitambaa kikavu chini ya mfuniko kwa dakika tano ili kinyonye mvuke, anaponda, anachanganya sukuma wiki na maziwa ya vitunguu. Sahani ya Máirtín ndiyo ya kwanza kupakuliwa. Siagi inayeyuka ndani ya shimo lake. Wote wanamtazama Festus, naye anamtazama Attracta.

"Ninyamaze?" anauliza kwa sauti ya chini. "Sema tu, nitanyamaza."

Attracta ameshika mwiko. Anaangalia mkoba wa karani, halafu ile sahani.

"Viazi ni vyake, Festus. Mwite."

Festus anavua kofia. "Máirtín," anaita. "Máirtín Ruane, mkaidi mkubwa we, njoo ule."

Gráinne Tully anaangalia kiti kitupu. Anakula sahani yake yote bila kuinua macho, anashukuru, anavaa koti. Mlangoni anatoa daftari.

"Attracta, kama nisingesikia..."

"Lakini umesikia."

"Nimesikia. Na mimi nina mkubwa wangu."

Anakata kumi na mbili, anaandika kumi na moja. Attracta ndiye anayemshikia mwavuli mpaka kwenye gari.

Ndani, Honor amewaka. "Mjinga wewe, Festus! Kaka yako angengoja dakika kumi. Maisha yake yote alichelewa kila mahali!"

"Chakula kingepoa," anasema Festus. "Hakupenda kilichopoa."

Wanamaliza kula. Hakuna aliyeipata pete. Inachukua muda watu kuelewa ilipo, kisha wote wanageukia sahani iliyo dirishani.

"Miaka sabini na tisa," Festus anasema, "ndiyo kwanza anapata." Anacheka, kisha kicheko kinageuka, anajifunika uso kwa kofia na kulia mbele za watu. Attracta anakaa karibu naye.

Asubuhi ya Novemba mosi Attracta amerudi ukumbini kukabidhi funguo. Karatasi ya tangazo la kufungwa tayari iko mlangoni. Sahani ya Máirtín imekauka juu, haijaguswa. Anaichimbua kwa kijiko, anaitoa pete, anaiosha kwa maji ya moto, ya mwisho atakayoyatumia hapa.

Ana mpango, ingawa anausimulia kama mtu asiyeuamini sana. Kila Alhamisi atapika nyumbani kwake, sufuria moja. Atampelekea Festus, na Honor akiwa hawezi kutoka, atampelekea na yeye, kilomita sita kwa baiskeli. Wale tisa wengine hawezi kuwafikia. Trei zao zinaanza Jumatatu.

Anaifunga pete kwenye karatasi, anaitia mfuko wa koti.

"Oktoba nitaitia tena kwenye sufuria," anasema. "Hata kama sahani za kuita zitakuwa nyingi kuliko za kula."