Jina Alilompa Mbwa

Huku Baraka mtu hampi mbwa jina bure. Mwenye ugomvi na shemeji zake atamwita mbwa Waseme. Aliyedhulumiwa atamwita Mungu Anaona. Jirani anasikia asubuhi na jioni, na hana pa kushitaki, maana aliyeitwa ni mbwa. Vainqueur, fundi wa motere za mitumbwi ambaye majirani humwita Papa Merveille, alimwita wa kwake Roho Mbaya.

Roho mbaya ya nani? Ya Mama Divine, mfuga mbuzi wa ng'ambo ya ua. Miezi miwili iliyopita viwanja vilipimwa, ikaonekana ua wa Vainqueur umeingia kwa Mama Divine hatua mbili. Yeye ndiye aliyekosa, jamani, si mama wa watu! Lakini alihamisha miti ya ua huku amenuna, na wiki hiyo hiyo akaleta mtoto wa mbwa kutoka Kilembwe. Tangu hapo kila asubuhi alisimama uani na makombo ya bugali, uso ameuelekeza ng'ambo: "Roho Mbaya! Kuya kula, Roho Mbaya!" Mama Divine aliendelea kufagia.

Halafu mbwa akaanza kujikuna. Manyoya yakadondoka masikioni na tumboni, ngozi ikawa nene, yenye magamba na damu. Upele. Vainqueur hakuuliza mtu. Mafundi wote wa ufukweni wana dawa moja tu, vidange, yale mafuta meusi yanayotolewa kwenye motere. Akampaka mwili mzima, mbwa akajilamba. Kesho yake mbwa alikuwa anatapika na kutetemeka, hawezi kusimama.

"Utamuua," alisema Nadège, mke wake. "Mupeleke kwa Mama Divine."

"Kwa nani?"

"Usijifanye hausikie. Ni yeye balimufundisha dawa ya banyama. Mutaa muzima banaenda kule."

Vainqueur alikaa kitako mlangoni, kiburi kikimvuta huku na huruma kule. Mbwa akamlamba kidole, ulimi baridi. Basi akamfunga kwenye gunia na kuzunguka ua. Alimwomba Mungu asikute mtu. Akakuta bamama watatu, na kuku wao na mbuzi wao.

"Karibu, Papa Merveille," akasema Mama Divine, kana kwamba hawajawahi kukosana. Alifunua gunia, akanusa. "Vidange?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile ni sumu, Papa. Ngozi inaikunywa, ulimi inaikunywa."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Alileta maji ya vuguvugu na sabuni, akamwosha mbwa kwa mikono yake mwenyewe, mara tatu, mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Sindano ya upele bado, alisema, mbwa asimame kwanza. Ni dawa ya ng'ombe, ile ya wafugaji wa Minembwe, bei yake ndogo, ila inapimwa kwa kilo za mnyama, ukizidisha unaua. Na gunia analolalia lichomwe. Kisha akaona Vainqueur anajikuna kiganja.

"Na weye uende ku kituo ya afya. Hii upele inarukia bantu."

Bamama wakasogeza viti vyao nyuma. Vainqueur alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya nne mbwa alisimama, akanywa uji. Vainqueur akamrudisha kwa Mama Divine, na bamama walikuwapo tena. Pale hapakosi watu. Mama Divine alimtundika mbwa ndani ya mfuko kwenye mizani ya kupimia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kilo tano. Akafungua kaye yake, daftari anamoandika kila mnyama anayemtibu.

"Jina yake nani?" akauliza mama mmoja mwenye kuku, kwa uchokozi tu. Mtaa mzima ulilijua.

Vainqueur aligeukia mizani, akaanza kumtoa mbwa mfukoni.

"Iko mutoto," akajibu Mama Divine bila kuinua macho. "Bado habayamupa jina."

Na akaandika hivyo hivyo: mbwa, mtoto, hana jina.

Angemtukana, Vainqueur angepata la kumrudishia. Matusi anayo ya kutosha. Lakini kusitiriwa na mtu uliyemwaibisha kila asubuhi! Alisikia haya mpaka masikio yakawaka.

"Jina iko, Mama Divine," akasema. "Ni Roho Mbaya. Nilimuita vile juu yako. Na ule udongo ulikuwa wako."

Mwenye kuku akageukia kuku wake.

"Najua, Papa Merveille," akasema Mama Divine, akivuta dawa kwenye sindano. "Sasa shika miguu ya nyuma, ukaze. Hii dawa inauma."