Ringi Iliyogoma Kutoka

Wenzangu mliosimama foleni ya sabuni mkiwa mmeshikilia khanga ya mama, ninyi sina haja ya kuwaeleza sana. Enzi zetu hakuna kitu kilichotupwa. Kopo la mafuta liligeuka kikombe, na kikombe kikichakaa kikawa koroboi. Kandambili ikikatika ilishonwa kwa waya, ikakatika tena, ikashonwa tena, hadi ukawa unatembea juu ya waya mtupu. Waambieni watoto wenu leo, watadhani mnawatungia hadithi.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Mimi nilikuwa darasa la tatu, pale Bariadi. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitambaa, redio, sabuni za kunukia na vipuri vya kila aina. Sisi watoto tulikwenda kuangalia tu, tukaacha alama za vidole vyetu kwenye vioo vya watu. Lakini kujaa kwa maduka ni jambo moja, na kumfanya mtu aamini kwamba yamejaa kweli ni jambo jingine. Baba yangu hakuamini.

Baba alikuwa bwana mifugo. Alizunguka kwenye majosho na kuchanja ng'ombe, na ofisi ilipouza pikipiki zake za zamani, moja akaichukua yeye. Aliipenda pikipiki ile mpaka mama akawa anatania kwamba ameolewa uke wenza. Baba aliifungua na kuifunga mwenyewe, chini ya mwarobaini uliokuwa uani kwetu, na sisi tulikuwa tukikaa kando tukitafuna michembe na karanga, tukisubiri beringi ipasuke. Beringi ikipasuka ni sherehe, kwa sababu ndani yake zinatoka gololi za chuma. Ninyi mliocheza gololi mnajua: mwenye ya chuma ndiye mfalme wa uwanja.

Michembe ile ilitoka kwa bibi, mama yake baba, aliyeishi Mwandoya. Alikata viazi, akavianika, akatujazia mfuko na kuutuma kwa lori lolote la pamba lililokuja mjini. Nikifunga macho bado nausikia ule utamu wa vumbi na jua.

Jumatatu moja, dereva wa lori alikuja bila mfuko. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mwadila, bwana mifugo. Mayu, mama yako, hali. Siku ya tatu leo hali kitu, anakuita wewe tu. Mimi kesho alfajiri narudi huko, panda twende."

Baba alitazama pikipiki. Ilikuwa imefunguliwa tangu Jumamosi, giaboksi iko wazi, beringi ya shafti imefumuka. Gololi zilikuwa zimetoka, lakini ringi yake ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania kwenye shafti kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Nikija na lori nitampeleka na nini hospitali?" baba alisema. "Lori haliingii mpaka pale nyumbani. Mwambie mayu nakuja na pikipiki, nimpakie mwenyewe."

Lilikuwa neno la busara, nami hadi leo sitaki mtu aseme vinginevyo. Tatizo lilikuwa ringi.

Jumanne aliiloweka kwa mafuta ya taa, akaimwagia maji ya moto, akaigonga taratibu kwa kipande cha mti asije akaijeruhi. Haikusogea. Jumatano akaja fundi Maduhu, rafiki yake, mwenye karakana karibu na stendi. Aliiangalia mara moja tu.

"Leta tupa na patasi. Naitia ufa, naipiga mara moja, imetoka. Jioni uko Mwandoya."

"Ukiitia ufa imekufa," baba akasema.

"Si ife! Dukani zimejaa, bwana mifugo. Mpya, kwenye karatasi zake."

"Zimejaa leo. Kesho je?"

Maduhu alicheka, lakini baba hakuwa anatania. Aliwahi kukaa miezi saba bila pikipiki kwa sababu ya beringi moja. Kwa hiyo alitaka ringi itoke nzima, aioshe pamoja na gololi zake, zirudishwe mahali pake na kufungwa upya, kama alivyofanya miaka yote ya shida. Mama alimsikiliza kutoka jikoni, akashindwa kuvumilia.

"Baba Kabula, mayu hangoji hicho chuma."

Baba akaongeza mafuta ya taa kwenye ringi.

Ringi ilitoka Alhamisi adhuhuri, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Baba aliinyanyua juu akaichungulia, uso wake umejaa masizi na furaha. Kisha akachukua bakuli la gololi akahesabu. Zilikuwa nane. Akahesabu tena. Beringi ile ilikuwa na tisa.

Ya tisa ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu ya shule.

Niliichukua tangu Jumamosi. Nilikuwa nimeshinda nayo uwanja mzima, wasichana na wavulana. Nilimwona baba akipiga magoti, akichota mchanga kwa chekecheke la unga la mama, akichekecha, akisogea kidogo, akichekecha tena. Mimi nilisimama pale, mkono mfukoni, chuma kimepata joto la kiganja changu. Nilitaka kusema. Nilimwogopa. Nikajiambia nitaidondosha mchangani akigeuka, lakini hakugeuka, na jua likazama.

Ijumaa asubuhi lori lilirudi. Safari hii dereva hakusimama mlangoni, aliingia ndani na kukaa. Mama alianza kulia kabla dereva hajasema.

Tulikwenda kuzika kwa lori lile lile, tumekaa juu ya magunia matupu ya pamba. Mikono ya baba ilikuwa bado na grisi kwenye kucha, na ndivyo alivyoshika udongo wa kaburi la mama yake. Gololi niliitupa kwenye korongo njiani. Niliibeba hata hivyo, miaka thelathini na zaidi.

Siku hizi nawacheka vijana wa bodaboda. Hawajui kuloweka, hawajui kusubiri, kila kitu kwao ni kukata na kutupa. Mwaka jana baba aliugua huko Migato alikohamia alipostaafu, nikaitwa. Kijana aliyenibeba, beringi ya gurudumu la nyuma ilimsagikia tulipofika Mwamapalala, ringi ikang'ang'ania kwenye ekseli. Akaazima mashine ya kukatia chuma, cheche mbili tatu, vipande viwili vikaangukia mtaroni. Akafunga mpya akipiga mluzi. Chai niliyoagiza kwa mama ntilie sikuimaliza. Nilitaka kumkemea kwa uharibifu ule, kisha nikakumbuka. Vijana hawa hawajui kutunza kitu, lakini kwa mama zao wanafika.

Nilimkuta baba hai. Nilikaa kitandani kwake nikamweleza habari ya gololi ya tisa, nikilia kama wa darasa la tatu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "hata ingekuwepo, ningekuwa bado naiosha."

Kisha akauliza nilikuja na nini, nikamsimulia habari za kijana na beringi yake.

"Na ringi aliitupa wapi?"

Nilifungua mkoba. Nilikuwa nimeviokota vipande vyote viwili, sijui kwa nini. Baba alivipokea, akavikutanisha polepole kwa vidole vyake, akaviinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ilikuwa bado nzima," akasema.