Kwikwi, Karanga na Mafuta ya Moto

Mumewe alipoondoka, aliondoka na cherehani. Kiti cha cherehani alikiacha, labda kwa kuwa mke mpya alikuwa na chake. Kiti hicho ndicho Mama Viraka alichokibeba kichwani mpaka chini ya ngazi za jengo la maduka pale sokoni, akaanza kushona kwa mkono: vifungo, zipu, magoti ya suruali za shule. Jina la Viraka walimpa watu kwa utani, naye akalipokea, maana lile la mke wa fulani lilikwisha kumchosha.

Pembeni ya ngazi palikuwa na kibanda cha fundi wa kompyuta, mgane mwenye mvi na mikono mitulivu. Sikio lake moja lilikufa zamani na la pili lilikuwa linaelekea huko huko. Maneno aliyasikia ukimpandishia sauti, lakini vile visauti vyembamba vya kukwaruza vilimpita tu. Siku moja mteja alileta laptopu, akasema spika zinamtia wazimu. Fundi akainamisha kichwa, akasikiliza wee.

"Mbona iko sawa?"

Mama Viraka, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Sawa wapi? Hiyo inakaanga humo ndani!"

Mteja akacheka. Fundi hakucheka. Alitoka hadi mlangoni. "Inafanya nini, dada?"

"Inakaanga. Chrrr! Kama mafuta ya moto yakidondokewa na maji."

Fundi akafuta programu ya sauti, akaiweka upya, na kukaanga kukaisha. Tangu siku hiyo hakutoa mashine yoyote yenye matatizo ya sauti bila kumwita. Mama Viraka angevaa hedifoni, angefumba macho, angesema. Ikiwa mafuta ya moto, programu imeharibika. Ikiwa mtu anatafuna karanga, tundu la waya limelegea. Ikiwa mbu, chaja ndiyo mbovu. Yeye hakujua kusoma hata herufi moja ya kwenye kioo. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi.

"Huyu hasikii, yule hasomi," majirani walitania. "Waunganisheni mpate fundi mmoja mzima!"

Waliotania hawakujua kitu. Katika ndoa yake yote, neno alilolisikia zaidi Mama Viraka lilikuwa "nyamaza." Hapa mwanamume mzima alisimama na bisibisi mkononi, akamwuliza, "Unasikia nini?" kisha akangoja mpaka amalize kusema. Na kila kazi ilipolipwa, cha kwake alipewa bila kukumbusha. Kwa mwanamke aliyezoea kukatizwa, hiyo haikuwa kazi tu. Ilikuwa mahali pake.

Ndipo binti wa fundi, muuguzi, alipokuja na kiboksi kidogo.

"Baba, leo utasikia mpaka mende wakitembea."

Akamvalisha kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio. Fundi akashtuka, akageuka huku na huku. "Kumbe ngazi hizi zina kelele hivi!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Viraka naye alicheka, maana furaha ya mzee yule ilikuwa haiwezi kukaliwa kimya.

Kisha binti akamgeukia. "Shangazi, sasa utapumzika. Hutasumbuliwa tena na mashine zake."

"Asante, mwanangu," akajibu, akajichoma sindano kidoleni. Kupumzika alikujua. Hata mumewe, alipooa yule mwingine, alimwambia sasa utapumzika.

Kesho yake akageuza kiti, uso barabarani, mgongo kibandani. Fundi hakumwita. Kesho kutwa yake pia hakumwita. Mama Viraka akaanza kuulizia nafasi upande wa pili wa soko, karibu na lango, ambako kuna jua kali lakini hakuna mtu wa kumkumbusha chochote.

Wakati huo mwoka mikate mmoja alikuwa ameleta laptopu yake. Fundi aliisikiliza mwenyewe, akaweka programu upya. Mwoka mikate akarudi. Fundi akabadilisha tundu la waya. Mwoka mikate akarudi tena, unga mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, unanichezea! Wimbo unakatikakatika, halafu mashine inazima, pu! Kama mtu aliyezirai! Nitaipeleka kwingine!"

Mama Viraka akaendelea na zipu yake kama hakusikia. Mara akaona viatu vya fundi mbele yake. Alikuwa amepakata ile laptopu kama mtoto mgonjwa.

"Dada."

"Nina zipu."

"Mashine hii inakwaruza. Naisikia kabisa."

"Si umesikia? Basi kazi kwako."

"Nasikia, lakini sijui nimesikia nini. Kwangu zote ni kelele. Kila dawa nimeiweka kichwani kwa jina ulilonipa wewe, mafuta, karanga, mbu. Hii ni ipi?"

Sindano ikasimama. "Siku zote hizi ulikuwa wapi kuniuliza?"

"Nilikuona umenigeuzia mgongo. Nikajua kweli nimekuchosha."

"Aliyesema nimechoka ni binti yako. Mimi nilisema asante tu."

Akavaa hedifoni. Mwoka mikate akafungua mdomo. Akanyamazishwa kwa kidole. Wimbo ulianza vizuri, ukaenda, ukaenda, kisha Mama Viraka akakunja uso.

"Haikaangi. Wala si karanga. Inaimba, inameza, inaimba, inameza. Hii ni kwikwi. Na mtoto mwenyewe anachemka, hebu mguse tumbo."

Fundi akagusa chini ya mashine, akatoa mkono haraka. "Joto! Ikizidiwa na joto inapunguza mwendo, sauti inakatika. Ikishindwa kabisa inajizima isiungue."

Akafungua skrubu. Feni ilikuwa imezibwa na unga uliogandamana na mvuke ukawa kama plasta.

"Jamani," Mama Viraka akasema, "hata humu unaoka?"

"Naiweka mezani ninapokanda," mwoka mikate akanong'ona. "Ndipo naisikia vizuri."

Fundi akasafisha kwa brashi, akafunga. Wimbo ukacheza mwanzo hadi mwisho bila kumeza hata mara moja, na mwoka mikate akaondoka akiuimba vibaya.

Fundi hakurudi ndani. Alikinyanyua kile kiti cha cherehani, akakiingiza kibandani, akakiweka kando ya meza yake. Mama Viraka akafuata na kikapu cha nguo, akijifanya amekasirika.

"Polepole! Mguu mmoja umelegea."

Akakaa. Kiti kikalia kwii. Fundi akainua kichwa, macho yakimng'aa.

"Hiyo nimeisikia! Hiyo ni nini, dada?"

"Hicho ni kiti tu, fundi. Kaza skrubu."