Ufagio kwenye Geti la Hifadhi

Juzi nilifika kwenye geti la hifadhi moja ya bonde la Mto Pangani, inayotunza makaburi na mashamba ya kale. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na ufagio wake. Mfungo umekaribia, anakwenda kufagia makaburi ya wazee wake.

Askari wa geti, mzaliwa wa hapo hapo, akamzuia kwa kiganja. "Shikamoo, bibi. Humu tunahifadhi utamaduni. Shughuli za kibinadamu haziruhusiwi."

"Marahaba. Utamaduni wa nani basi, wa ngedere?"

Bibi akamkabidhi ufagio.

"Haya, kafagie wewe. Anza na la babu yako, nyasi zishammeza."

Tukabaki getini bila wa kutufungulia, tukimtazama mwenye sare ameinama, anafagia. Hatukunung'unika. Hatimaye hifadhi ilikuwa inahifadhi kitu.