Sponji Nyuma ya Kopo la Gundi

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni, nilifanya kazi Nyeri mjini kwa fundi mmoja wa viti, Mwislamu wa makamo. Mimi si mzaliwa wa huko. Shule niliiacha mapema, na nilikuwa nimeshazunguka Kerugoya na Othaya nikifanya kibarua hiki na kile. Kilichonishika kwa fundi ni mashine yake ya umeme ya kupigia msasa. Sikuwa nimewahi kuona nyingine.

Mashine ilikuwa na kisahani cha mpira mgumu, na msasa ulibandikwa juu yake. Kwenye ubao ulionyooka ilifanya kazi safi. Kwenye mkono wa kiti uliopinda, ukingo wa kisahani ulichimba mifereji. Basi fundi alikata godoro kuukuu la sponji vipande vya duara, akawa anabandika kimoja kati ya mpira na msasa. Sponji ilibonyea, msasa ukafuata umbo la mti.

"Usiikandamize," aliniambia kila siku. "Ukiikandamiza inakula penye ulaini inaacha penye ugumu, kiti kinaota mawimbi."

Vipande vya akiba aliviweka rafu ya juu, nyuma ya kopo la gundi, maana sponji ilikuwa adimu. Na siku hizo mtu akikuuliza habari za asubuhi, ulijiuliza kwanza anataka nini.

Asubuhi moja sajini aliingia na askari wawili. Hakupekua chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akasogeza kopo, akatoa vile vipande.

"Fundi, hii ni ya nini?"

"Ya msasa, afande."

"Msasa ni karatasi. Hii ni godoro." Akaweka kipande kimoja begani, chini ya kitako cha bunduki yake, akawageukia askari. "Mnaona? Wale wa msituni bunduki zao za kuunda kwa bomba la maji zinawavunja bega. Sasa wamepata wa kuwakatia mto."

Askari mmoja akacheka. "Na vitako pia anachonga, afande. Ona hiyo miti imepinda."

Ilikuwa mikono ya viti. Tulijua watu waliochukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo, na hawakuwa wamerudi.

"Niruhusu nikuonyeshe, afande."

"Onyesha. Ikikataa, unapanda gari."

Fundi akabandika sponji, akawasha mashine juu ya mkono mmoja wa kiti. Kwa hofu akafanya lile lile alilonikataza: akaikandamiza. Mti ukaanza kuota mawimbi. Sajini akapitisha kidole.

"Hata haifanyi kazi!"

"Mzee, legeza mkono," nikasema. "Iache ijibebe."

"Nyamaza wewe!" sajini akanifokea.

Lakini fundi alisikia. Akalegeza mkono, akaipitisha mashine taratibu mara nyingi, mpaka mawimbi yakaisha. Kisha akatoa sponji, akabandika msasa kwenye mpira mtupu, akaugusisha kwenye mkono wa pili wa kiti. Mfereji ukachimbika papo hapo.

Sajini alifumba macho akapapasa mkono wa kwanza, halafu wa pili. Akarudia.

"Haya," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Akabeba vile vipande vya akiba vyote, akaondoka na watu wake.

Nilitaka kucheka. Fundi hakucheka.

"Alijuaje ziko nyuma ya kopo?"

"Sijui, mzee."

"Humu tunaingia wawili tu."

Wiki moja kabla ya hapo, kwenye hoteli ya chai, nilikuwa nimemweleza dereva mmoja wa serikali jinsi sponji inavyofanya kazi, hata na mahali tunapoiweka, kwa sababu jambo lile lilinifurahisha na yeye alisikiliza vizuri. Mpaka leo sina hakika kama ndiye aliyemwambia sajini.

Sikumwambia fundi. Tangu hapo, kila nilipokaribia mashine, aliizima akasubiri nipite. Siku ya nne nilichukua koti langu nikashika njia ya Kiriaini, naye hakuniuliza ninakwenda wapi.