Kishamba Kisicho na Zamu

Kila nnapopita mtaa wa Ruwi asubuhi, wakati wanapomwagilia majani ya kando ya barabara, ile harufu ya udongo mkavu uliopata maji hunirudisha kijijini Bausher, kwenye kishamba cha bibi yangu. Mpaka leo moyo unaniuma nikikikumbuka.

Bibi alikuwa amerudi nchi kavu ya wazee wake kutoka Unguja, ambako mvua hainunuliwi. Akanunua kiwanja, akapanda bamia, mihogo na miche ya ndimu, kisha akenda kuuliza maji yake yatafika lini. Watu wakatazamana. Masikini bibi! Hakujua kwamba kule Bausher ardhi huuzwa mbali, maji mbali. Maji ya falaj, ule mfereji utokao mlimani, yana wenyewe, kila mtu na zamu yake. Yeye zamu hakununua.

Akaomba agaiwe. Wakili wa falaj, mzee aliyesimamia zamu, akawaita wenye maji barazani kwake baada ya sala ya alasiri. Nami nilikuwepo, nimeng'ang'ania buibui la bibi.

"Dada yangu, sikukatalii," wakili alisema kwa upole. "Lakini maji mwaka huu yamepungua. Tukikupa wewe, kila aliyekaa hapa atapunguziwa sawasawa. Hata Bi Zuwena."

Bi Zuwena alikuwa jirani yetu, mjane aliyelea wajukuu kwa mitende yake michache. Aliinamisha kichwa. Bibi alimtazama kwa muda mrefu.

"Basi," akasema. "Nimeacha."

Nilikasirika mimi, jamani! Maji ya kunywa hakatazwi mtu pale juu mfereji unapotokea, kwa hiyo nikateka ndoo nikaikokota mpaka kwenye ndimu. Bibi akaninyang'anya. "Haya tumepewa tunywe, mwanangu. Usinitie aibu." Ndimu zikakauka zote. Nilimchukia yule mzee miaka na miaka, na bibi nikamuona kashindwa.

Lakini kila msimu wa tende, kabla wajukuu zake hawajaonja, Bi Zuwena alituletea sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, macho yakimlengalenga machozi. Mie nilikula tu huku nimenuna, nikitaka ndimu zangu. Nilikuwa mtu mzima, bibi keshatangulia, siku nilipotambua kwamba zile tende ndizo zilizokunywa maji yetu.