Mji wa Mapaa Miguuni

Bibi alizoea kutuambia kwamba mji aliozaliwa, huko Msumbiji, una mapaa usawa wa miguu. Ukisimama barabarani unaanika muhogo juu ya nyumba ya jirani bila kunyoosha mkono. Pale kijijini kwetu Ruponda tulicheka wote, mimi zaidi, maana nilikuwa chuoni na niliona nina haki ya kudai ushahidi. Mjomba, mwanawe wa kwanza, alipita kiasi. Alisema Bibi alizaliwa porini, mama yake akikimbia vita, na mji huo kautunga tu. Tangu siku ile Bibi aliacha kutaja kwao.

Shahada yangu ilinifikisha kwenye jiko la meli ya watalii, kuosha sahani. Meli ilipotia nanga Kisiwa cha Msumbiji, tuliruhusiwa kushuka hadi saa tisa. Nilinunua laini ya simu, nikapita haraka upande wa majumba ya mawe, ambako watalii walikuwa wakipiga picha milango. Kisha nyumba zikaanza kuzama. Wakoloni walichimba mawe hapo ya kujengea majumba yao, na watu wakajenga ndani ya shimo lililobaki. Bati moja lilifika magotini kwangu, na juu yake walianikwa samaki.

Nikampigia Mjomba kwa video. Akampa Bibi simu.

"Mume wangu, umekonda!"

"Tazama mapaa, Bibi."

"Hata nikipanda kichuguu hapa naona mapaa," Mjomba akadakia. "Aseme kwao ni wapi."

"Shuka ngazi," Bibi akasema. "Kushoto kuna kisima."

Nikashuka. Kushoto palikuwa na ukuta na pikipiki. Nikatazama kulia, nikazunguka nyumba mbili, nikarudi.

"Labda wamekifukia," nikasema, bila kuamini.

"Labda nimesahau."

Mjomba akacheka, akajifanya anakohoa.

Mlangoni mbele yangu alikaa mwanamke aliyejipaka weupe uso mzima. Kwetu uso wa namna hiyo ni wa mwali anayetolewa unyagoni, na mwanamume hamkodolei macho. Nikainamisha kichwa, nikaigeuzia simu ukutani. Mwanamke akaangua kicheko. Alikuwa na umri wa mama yangu, na ule weupe, kumbe, ni mti unaosagwa kulainisha ngozi. Akanitupia maneno ya Kimakua, lugha ya Bibi, nisielewe hata moja.

"Nani huyo?" Bibi akafoka. "Mgeuzie simu!"

Wakaanza. Sikuwahi kumsikia Bibi akiongea haraka vile. Neno moja nililitambua: nihimo, ukoo wa mama, ambao Wamakua huulizana kabla ya mengine yote. Bibi akautaja wake. Mwanamke akasimama, akaninyang'anya simu, akaiweka karibu kabisa na uso wake mweupe.

"Wanasema nini?" Mjomba aliuliza. Sikujua. Saa tisa ilikuwa inakaribia, na mimi bado nilikuwa natafuta kisima kwa macho. Ukoo mmoja hauthibitishi mji, nilijiambia. Wamakua wako kila mahali.

Bibi akarudi kwenye Kiswahili, akamwambia Mjomba taratibu, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Huyu ni wa nihimo yangu, basi ni mdogo wangu. Kwa hiyo ni mama yako mdogo. Msalimie."

Mjomba, mwenye mvi kumshinda yule mwanamke, akaisogelea simu.

"Shikamoo, mama," akasema.